Picha niliyoipenda zaidi mwaka huu

Ndugu, umeuliza ni picha gani ya mwaka huu naipenda kuliko zote, na niliipigaje. Ni ya mama wa mwani kule Paje, gunia kichwani, anarudi pwani.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Unguja hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na saa hiyo jua limeshakuwa kali. Badala ya kulikimbia nikalielekea, nikapunguza mwanga unaoingia kwenye kamera stopu mbili, yaani hadi robo yake. Mama akabaki umbo jeusi, vidimbwi vyote vikang'aa kama fedha. Ruhusa nilimwomba kwanza, na nakala nilimpelekea.

Za vijana wanaojirusha baharini Forodhani, kule Mji Mkongwe, ni nzuri pia, nilizipiga kwa spidi ya sekunde 1/1000. Ila hii ya Paje ndiyo niliyoitundika ukutani.