Tonikweti au gozi yenye dawa: kijiwe cha bodaboda kinunue kipi?

Mleta mada umeuliza mambo mawili: kijiwe chenu kikichanga hela kinunue tonikweti (mkanda wa kubana mkono au mguu) au zile gozi zenye dawa ya kugandisha damu, na kama ni kweli tonikweti humfanya mtu akatwe mguu. Naanza na la pili, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wasite huku mwenzao anamwagika damu.

Hofu hiyo si ya bure, ila kinachoamua ni muda. Mkanda ukikaa chini ya saa 2, kwa kawaida mguu unabaki salama. Ukishapita saa 6, haufunguliwi nje ya hospitali. Kwenye hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad mwaka 2006, majeruhi waliofungwa mkanda kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu walipona karibu 90 katika kila 100. Waliofungwa wakiwa tayari kwenye mshtuko walipona 10 tu katika kila 100. Hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda peke yake. Kwenye vita vya Ukraine hali ni nyingine: droni zinazuia majeruhi kuondolewa, mikanda inakaa saa nyingi mno, na viungo vinapotea kweli. Lakini kwa ajali ya barabarani ambako hospitali iko umbali wa saa moja hivi, usisite. Ateri ya paja (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) ikikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Sasa namna ya kufunga, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Mkanda unakaa sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa kiunoni au begani, na kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Huoni jeraha liko wapi, au ni usiku? Funga juu kabisa ya paja au mkono. Toa simu, funguo na pochi mfukoni kwanza, na lile jaketi zito la bodaboda vua au kata, la sivyo unabana kitambaa badala ya mshipa. Vuta mkanda kwa nguvu hadi ncha za vidole vitatu zishindwe kupenya chini yake, KABLA hujagusa kijiti cha kukazia. Ukiuacha umelegea ukategemea kijiti kifanye kazi yote, utazungusha mara nne au tano, mkanda utajikunja na kijiti kitapinda au kuvunjika. Ukivuta vizuri, mizunguko mitatu kwa kawaida inatosha.

Unakaza hadi damu ikome na mapigo ya kifundo cha mkono, au ya juu ya unyayo, yapotee. Ukibana nusunusu unamwumiza zaidi: vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinaziba lakini ateri bado inasukuma, damu inaingia mguuni na njia yake ya kutokea ni jeraha. Mkanda uliokaa sawasawa unauma sana, majeruhi atakuomba ulegeze. Mwambie mapema kwamba utauma, na usilegeze. Ule ushauri wa zamani wa kulegeza kila robo saa unammaliza damu kidogo kidogo. Damu haijakoma? Weka mkanda wa pili kando ya ule wa kwanza, upande wa kiunoni au begani, igusane.

Kuhusu bandia: mtandaoni zimejaa nakala za CAT (aina ya tonikweti inayotumika sana) za bei ya kutupa, kijiti chake kinapinda na velkro inateleza. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji. Moja itengeni ya mazoezi tu, na ile ya kazi isining'inie kwenye pikipiki juani, plastiki inachoka. Kama hamna kabisa, khanga iliyokunjwa upana wa sentimita 5 na spana au bisibisi ya kuzungushia inaweza kuokoa mtu. Mkanda wa suruali ni mgumu, haukazi vya kutosha. Kamba nyembamba na waya vinakata nyama.

Kinena, kwapa na shingo havifungiki kwa mkanda. Hapo ndipo gozi yenye dawa inapohitajika, na aina zinazojulikana ni mbili. Combat Gauze ina kaolini, aina ya udongo mweupe, inayoharakisha damu kuganda. Celox ina kitosani, inayonata na chembe za damu zenyewe. Zote hazisaidii kitu kama umeziweka juu ya kidonda kama kitambaa. Ingiza kidole, fuata pale damu inapochuruzika, shindilia gozi hapohapo bila kuacha nafasi, endelea kujaza hadi ipite usawa wa ngozi, kisha bonyeza kwa mikono miwili dakika 3 bila kuchungulia. Ukitumia gozi ya kawaida ya hospitali, bonyeza 10. Shingoni usizungushie kitu. Unga wa kumwaga kidondani ukataeni: QuikClot ya mwanzo, unga wa madini ya zeolaiti, ilitoa joto hadi kuunguza nyama.

Kwa hiyo kwa hela ya kijiwe, mimi ningenunua tonikweti mbili halisi za kazi, gozi za kawaida za kutosha, bandeji za kukazia, glavu, mkasi na kalamu ya wino usiofutika. Gozi yenye dawa ije baadaye. Damu ya ndani ya kifua au tumbo haizuiliki kwa chochote kati ya hivi. Majeruhi wa namna hiyo anahitaji kufika kwa daktari wa upasuaji haraka.

Andika saa ya kufunga kwenye mkanda wenyewe, na mkabidhi anayempokea saa ya ajali pia. Dawa ya asidi ya traneksamiki, ambayo utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 ulionyesha inapunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, inatakiwa ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ikicheleweshwa zaidi ya hapo inaweza kudhuru, na daktari hawezi kupiga hesabu hiyo kama hakuna aliyemwambia ajali ilitokea saa ngapi.