Mount Fremont na bimkubwa: anafika vizuri, ila zingatieni saa na upepo

Mkuu, umeuliza kama bimkubwa wako, aliyekuja likizo kutoka Moshi, anaweza kutembea nanyi hadi kile kibanda cha walinzi wa moto cha Mount Fremont pale hifadhi ya Mount Rainier, jimbo la Washington, Marekani, na kurudi siku hiyo hiyo, au mumpeleke Paradise, upande mwingine wa hifadhi, apige picha kisha mrudi nyumbani Kent. Kama magoti yake ni mazima na huwa anatembea, mpelekeni Fremont. Mimi nimeipita njia hiyo na watoto, nimeipita na wageni wa nyumbani, na mama yangu mdogo, ambaye kiumri hawapishani sana na bimkubwa wako, alifika kwa miguu yake na kurudi.

Kinachosaidia ni kwamba gari linafanya kazi kubwa. Mnapita Enumclaw, mnashika barabara ya 410, mnaingilia geti la White River, na barabara inawapandisha hadi Sunrise, mita 1,950 hivi. Ndiyo sehemu ya juu kabisa gari linapofika ndani ya hifadhi ile, na kwa kimo haipishani sana na geti la Marangu kule Kilimanjaro. Kibanda kipo kwenye mita 2,189. Kwa hiyo mnapanda mita 240 tu, kwenye njia ya kilomita 9 kwenda na kurudi. Mtu mzima asiye na haraka anatumia saa nne, na vituo vya kunywa chai vimo humo.

Sasa msidanganywe na ufupi wake. Kutoka maegesho ya Sunrise mnapandisha kamwinuko ka kwanza hadi mgongo wa Sourdough, kisha mnakata kushoto. Hapo ndipo wengi wanapohema, kwa sababu mwili haujapasha moto na hewa ni nyepesi kuliko ya Kent. Mwacheni mama aongoze. Nasema hivi kwa msisitizo: anayeongoza awe yule anayetembea taratibu kuliko wote. Mkimweka nyuma atajikaza ili asiwacheleweshe, na atachoka kabla hata hamjafika nusu ya njia.

Mkishakuwa juu ya mgongo, njia inatulia. Kulia kwenu ni mabonde ya msitu upande wa kaskazini, kushoto ni Rainier wenyewe, mita 4,392, barafu tupu kuanzia kiunoni kwenda juu. Baada ya kilomita mbili na nusu hivi mnafika Frozen Lake. Msipange kujaza chupa pale: ziwa lile ndilo linalotoa maji ya kunywa ya Sunrise na watu hawaruhusiwi kulikaribia. Maji yote mbebe kutoka chini. Mbele kidogo njia zinakutana, nyingine zinaelekea milima ya Burroughs na Skyscraper, ninyi mnashika ya kaskazini yenye kibao cha Fremont. Makutano yale ni wazi pande zote, na upepo wake hauna adabu hata mwezi wa nane. Vaeni makoti kabla hamjafika pale. Mama yangu mdogo alikuwa na kitenge begani, akakifunga kichwani na masikioni, na kilimfaa kuliko kofia niliyomnunulia.

Kipande cha mwisho, kilomita mbili hivi, ndicho kinachotaka macho. Njia inakata ubavuni mwa mlima juu ya mawe yaliyovunjikavunjika, bapa na yenye ncha, yanayogongana kila unapokanyaga. Upana unatosha mtu mmoja vizuri, wawili kwa kupishana. Kushoto ni mteremko mrefu. Hakuna sehemu ya kukwea kwa mikono, lakini raba za mjini zenye soli laini haziwafai, mtahisi kila jiwe. Mpeni fimbo mbili. Watoto wadogo washikwe mkono hapa, bila mjadala.

Kisha mnakiona kibanda, kimesimama mwisho wa mgongo, ghorofa mbili za mbao, na roshani inayokizunguka. Mara nyingi ndani panafungwa, ila roshani mnapanda. Na hapa nina ombi. Karibu kila anayefika anageuka nyuma, anapiga picha na Rainier, anakula biskuti, anaondoka. Mwambieni mama azunguke roshani aangalie kaskazini. Kibanda hakikujengwa kwa ajili ya kutazama ule mlima wa barafu, maana barafu haiungui. Hata kileleni kwa Fremont hakipo. Kimewekwa pale ambapo msitu unaonekana vizuri, bonde baada ya bonde, pamoja na ile tambarare ya Grand Park. Mlinzi alikaa hapo kiangazi kizima akiutafuta moshi.

Historia yake inastahili kusimuliwa hapo hapo juu. Agosti 1910 moto mkubwa uliteketeza ekari zipatazo milioni 3 huko Idaho na Montana na kuua watu zaidi ya 80, wengi wao wazima moto. Baada ya hapo Marekani iliazimia kuuona kila moto ukiwa bado mdogo. Vibanda vikajengwa kwa maelfu, vingi miaka ya 1930, na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa ajira wa Rais Franklin Roosevelt ulioanza 1933, walijenga sehemu kubwa. Cha Fremont ni cha 1934. Ndani ya hifadhi ya Rainier vimebaki vinne: hiki, Tolmie Peak, Gobblers Knob na Shriner Peak.

Chombo cha kazi kilikuwa duara la chuma lenye ramani, na kibanda chenyewe ndicho kitovu cha ramani hiyo. Juu yake ilizunguka pete yenye vilengeo viwili: kimoja tundu la kuchungulia, kingine unywele wa farasi uliovutwa wima. Mlinzi akiona moshi anazungusha pete mpaka unywele uukate moshi katikati, anasoma digrii, anapiga simu. Mlinzi wa kibanda kingine naye anasoma za kwake. Mistari miwili ikikutana kwenye ramani, moto uko hapo. Alikibuni ofisa misitu wa Oregon, William Osborne, na bado kuna vibanda vinavyokitumia. Radi zikianza, mlinzi alisimama juu ya kigoda chenye miguu ya kioo ili umeme usimpitie.

Mama wa Moshi hili litamgusa. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka, na usiku miali ilionekana kutoka mjini. Mama yangu mdogo aliusimulia moto ule pale roshani kwa muda mrefu, watoto wangu wamemkodolea macho. Kitu kingine kitakachomshangaza ni kwamba huku hakuna sharti la kuwa na mwongozaji kama kule KINAPA, hifadhi ya Kilimanjaro. Hiyo maana yake mnajibeba wenyewe: chakula, nguo ya mvua, dawa zake za presha kama anatumia, na ramani iliyopakuliwa kwenye simu, kwa sababu mtandao huko si wa kutegemea.

Mbuzi wa mlimani, wale weupe wenye manyoya mengi, hukaa sana maeneo ya kibanda. Wanatafuta chumvi na hulamba hata mahali mtu alipojisaidia. Msiwalishe, na msiwasogelee kupiga selfi. Mwaka 2010 mbuzi wa aina hii alimuua mtu kwa pembe huko Olympic National Park. Marmoti, mnyama kama pimbi aliyenenepa, yeye anapiga mluzi tu na hana neno.

Nendeni katikati ya wiki, muwe getini kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Kiingilio ni dola 30 kwa gari, kadi tu, fedha taslimu hawapokei. Barabara ya Sunrise kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Julai na theluji huifunga tena vuli. Angalieni tovuti ya hifadhi kabla ya safari, hasa kama mwaka huo wanataka mhifadhi nafasi ya kuingia. Tolmie Peak msiiweke kama mpango wa akiba: daraja la Fairfax linaloelekea huko lilifungwa kwa magari Aprili 2025.

Na mwangalie moshi. Agosti 2017 radi iliwasha moto wa Norse Peak, mashariki mwa hifadhi, ukala zaidi ya ekari 50,000. Siku ya moshi mzito kifua cha mtu mzima hakitafurahia kimo kile, na hamtaona hata bonde la kwanza. Ikiwa hivyo, ahirisheni hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Septemba, mbu wakiwa wamepungua na shule zimefunguliwa.