Mshale wa joto unapanda injini ikiwa baridi

Ndugu uliyeuliza kama ubadilishe sensa ya joto, yaani kifaa kinachopima joto la kulanti (maji ya kupozea injini): kama mshale unapanda asubuhi kabla injini haijapata moto, na feni inazunguka muda wote, hata mimi ningeishuku sensa hiyo. Ila usinunue nyingine kabla hujaipima. Chomoa soketi yake uitazame ndani: mara nyingi utakuta ukungu wa kijani kwenye pini, yaani kutu, na ukiusafisha tatizo linaisha. Pini zikiwa safi, chukua mita ya umeme uiweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Sensa nyingi zenye waya mbili husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 zikiwa baridi, na hushuka hadi mia kadhaa injini ikishapata moto. Isiposhuka, imekufa.

Kubadilisha si kazi kubwa. Mara nyingi imefungwa karibu na thamostati, ile vali inayofunguka kupitisha kulanti injini ikipata moto. Tafadhali sana, subiri injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko wa rejeta. Yale maji yana presha na yanababua vibaya. Toa waya wa hasi wa betri, punguza kulanti kidogo, fungua sensa kwa spana, kisha funga mpya na oringi yake mpya, ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja. Usiikaze kwa nguvu, kwani pale inapokaa ni alumini au plastiki, na nyuzi za skrubu zikiliwa utajuta.

Ukishajaza kulanti, acha injini iungurume mpaka hewa itoke yote. Mshale ukiendelea kupanda na hita inapuliza baridi, bado kuna hewa ndani: zima, usiendeshe.