Miezi miwili tangu ajali ya bodaboda, CT-scan safi, kichwa bado kinauma: uzoefu wangu

Pole sana mkuu. Umeuliza, miezi miwili baada ya kuanguka na bodaboda, kama ulale ndani mpaka kichwa kiache kuuma kabisa au urudi dukani hivyo hivyo, maana CT-scan imetoka safi na nyumbani wameanza kusema unajidekeza. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliangushwa na bodaboda mwaka juzi, sikuvunjika hata kidole, na hali hiyo nilikaa nayo karibu nusu mwaka. Kwa niliyoyapitia, nakuomba usijifungie ndani, na dukani usirudi kwa kasi ya zamani.

Kwanza hiyo picha. CT-scan inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani humo. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu nyuzi za neva huvutika, chumvi za ndani na nje ya seli huvurugika, na ubongo hudai nishati nyingi ya kurekebisha hayo wakati ambapo damu inayoufikia imepungua. Picha safi ni habari njema, ila haisemi kwamba unaigiza. Wasomee wa nyumbani aya hii. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini wapo ambao dalili huvuka miezi mitatu, na ni wagonjwa kweli.

Kilichonitesa kuliko vyote ni sauti. Darasa zima likiburuta viti kwa pamoja nilikuwa nashika ukuta. Nyumbani mtoto akigonga kijiko kwenye sahani, natoka nje. Kusahihisha madaftari ndiyo usiseme: ya mwanzo yanakwenda vizuri, halafu mistari inaanza kucheza, na swali nililolitunga mwenyewe silielewi. Majina ya wanafunzi niliowapokea kidato cha kwanza yakanipotea. Upande wa ukweni wakasema nimetupiwa kitu, wengine wakasema natafuta ED tu, yaani ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi. Kutoaminiwa kunaumiza, mkuu. Usiku unawaza badala ya kulala, na usipolala kichwa cha kesho yake kinakuwa kibaya maradufu.

Sasa suala la kupumzika. Zamani mgonjwa aliambiwa akae chumba chenye giza mpaka dalili ziishe. Wataalamu wa mitikisiko ya ubongo michezoni walipokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana vingine: mapumziko ni ya saa 24 hadi 48 za mwanzo, simu na runinga zipunguzwe kipindi hicho, kisha mtu aanze kutembea na kufanya mambo mepesi. Kipimo chao ni rahisi, na ndicho alichonifundisha mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya kazi, yapime maumivu kutoka 0 hadi 10. Ukiwa kwenye 3, fanya. Yakipanda hadi 4 au 5 na kushuka ndani ya saa moja, hujaumia, endelea na kiwango hicho. Yakipanda zaidi ya hapo, acha, na kesho anza chini kidogo. Mimi nilianza kwa kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkuu wa shule alikubali kunipa vipindi vichache vya asubuhi tu, na madaftari nikawa nayagawa mafungu madogo, nikimaliza fungu nafumba macho kidogo. Wewe ongea na mwenye duka uanze na nusu siku, na kazi ya kupanga bidhaa kabla ya kukaa kwenye hesabu. Zitakuwepo siku za kurudi nyuma. Siku mbaya baada ya siku nzuri si dalili kwamba ubongo unaharibika.

Umesema unameza panadol kila siku. Hapo nina wasiwasi kweli. Dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Zile za mchanganyiko wenye kafeini au kodeini zinatosha siku 10. Mwambie daktari ukweli wa idadi, akusaidie kupunguza. Pombe iache kabisa kwa sasa.

Kama una kizunguzungu pia, kichunguze kinakuja lini. Kama ni ukigeuka kitandani au ukiangalia juu, na kinazunguka kwa sekunde tu, huenda vijiwe vidogo vya sikio la ndani vimehama mahali pake. Hilo linatibika kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu, hakuna kidonge; muulizie daktari wa masikio, pua na koo. Na kama maumivu yanaanzia kisogoni, omba shingo ipimwe. Anguko linalotikisa kichwa linatikisa na shingo, na wengi hawaguswi huko. Mimi nusu ya maumivu yangu yalitokea shingoni, yakapungua kwa mazoezi ya fiziotherapia.

Usisubiri hata kidogo ukiona haya: kutapika mara kwa mara, usingizi usioamshika, degedege, mkono au mguu kulegea, kuongea kwa kukokota maneno, au maumivu yanayozidi siku hadi siku bila kushuka. Damu inaweza kuvuja taratibu ikajulikana wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo CT-scan ya siku ya kwanza haikufungi kurudi. Nenda hospitali ya rufaa. Kwa walio Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana madaktari wa upasuaji wa ubongo.

Bodaboda usiendeshe mpaka kizunguzungu kiishe, maana kugonga kichwa tena kabla hujapona ni hatari kuliko mara ya kwanza. Anza na shingo na hesabu ya panadol wiki hii, kisha uje utupe mrejesho.