Jibu la Msomaji: Lulu za Angola

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji ni timu gani ya taifa barani Afrika ambayo mafanikio yake hayapewi uzito unaostahili, na kwa nini. Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari hapa Morogoro, na jibu langu nimekuwa nalo kwa miaka mingi: ni timu ya wanawake ya Angola ya mpira wa mikono, ambayo kwao huitwa Pérolas, yaani lulu.

Timu hii ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imeutwaa mara 16. Kati ya mwaka 1998 na 2012 ilishinda mashindano 8 mfululizo, na tangu Atlanta mwaka 1996 haijakosa Olimpiki hata moja. Mataji matano ya kwanza yalipatikana wakati nchi ingali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo vilimalizika mwaka 2002. Mimi huwaomba wasomaji walitafakari hilo la vita kabla ya mengine yote, kwa sababu sisi ambao nchi zetu zimekaa kwa amani tumezoea kusema kwamba michezo ya wasichana itasubiri mpaka hali iruhusu.

Kinachonikera ni kuona kila timu hii inapomfunga mkubwa fulani, watangazaji wanashangaa kana kwamba ni mara ya kwanza. Ushindi wa miaka thelathini na mitano hauwezi kuitwa bahati. Umejengwa Luanda, katika upinzani wa klabu mbili, Petro de Luanda na Primeiro de Agosto, moja ikiwa na mizizi katika sekta ya mafuta na nyingine jeshini. Klabu hizo mbili zimetawala pia mashindano ya klabu bingwa ya Afrika, na kwa miaka mingi ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya wachezaji wa timu ya taifa, kwa hiyo wanapoitwa kambini wanakutana watu ambao wamekabana mwaka mzima na wanajuana hata mkono ambao kila mmoja anapenda kurusha nao. Anayefundisha mchezo huu anajua thamani ya jambo hilo, maana mpira wa mikono ni wa kasi, mabao hubadilishana ndani ya sekunde chache, na ukuta wa watu sita mbele ya mstari wa mita 6 hauwezi kusimama kama jirani hajui jirani yake atasogea lini.

Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ndiyo iliyonifanya niipende timu hii kwa moyo wote. Katika mechi ya kwanza waliifunga Romania 23 kwa 19, Romania ile ile iliyokuwa imetwaa nishani ya shaba ya dunia miezi minane tu kabla yake, kisha wakaishinda Montenegro 27 kwa 25, wakaingia robo fainali kwa mara ya kwanza na kutolewa na Urusi, ambayo baadaye ilichukua dhahabu. Golini alikuwepo Teresa Almeida, ambaye wenzake humwita Bá. Waandishi wengi walishughulika na ukubwa wa mwili wake. Mimi niliangalia miguu yake. Goli la mchezo huu lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, mrushaji anakuja akiruka hewani hatua chache mbele yako, na Bá alikuwa anamsubiri mpaka mkono umekwisha kukunjuka ndipo anaupeleka mguu kwenye kona.

Hapa shuleni uwanja wetu ni wa vumbi, mistari tunaichora kwa majivu, na milingoti haina nyavu. Wakati tunajiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, nilipata shida ya kipa, kwa kuwa wasichana waliona kwamba golini hupelekwa yule ambaye hawezi kukimbia. Niliwaonyesha mechi ya Rio katika simu yangu, wakiwa wamenizunguka chini ya mwembe. Binti mmoja mwenye umbo kubwa, ambaye mpaka siku ile alikuwa anatubebea mipira tu, aliirudisha nyuma sehemu moja mara tatu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu naye ni wa timu ya taifa?" Jioni ile alisimama golini bila kuombwa.

Sisemi kwamba Angola haina upungufu. Katika mashindano ya dunia haijavuka nafasi ya 7, waliyoipata Ufaransa mwaka 2007, na naamini sababu kubwa ni kwamba barani kwetu mechi ngumu ni chache mno. Ukiondoa mwaka 2014, ambapo Tunisia ilinyakua kombe, mara nyingi wanamaliza kazi mapema, halafu wanakwenda kukutana na Wazungu wanaoumizana kila wiki katika ligi zao. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 waliishinda Hispania na kutoka sare na Hungary, na katika mechi ya mwisho dhidi ya Brazil sare tu ingewatosha kuingia robo fainali. Walifungwa 30 kwa 19. Nahodha wao, Albertina Kassoma, aliumia goti, na Mbrazil Tamires Araújo akamnyanyua mikononi na kumtoa nje ya uwanja. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na watu wengi walioisambaza walitaja wema wa Mbrazil bila kujua kwamba aliyebebwa ni nahodha wa mabingwa wa Afrika.

Miezi minne baadaye mabingwa hao waliifunga Senegal katika fainali ya ubingwa wa Afrika iliyochezwa Kinshasa. Matokeo niliyapata kwa ujumbe wa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Lubumbashi. Kesho yake nilinunua magazeti mawili, nikayasoma kurasa zote za michezo mpaka matangazo ya chini, na hakuna hata moja lililokuwa na mstari kuhusu mechi hiyo.