Fuata maji kabla ya kuchora vyumba: kwa wanaoanza kazi ya nyumba za ushirika Bukavu

Ndugu zangu mnaoingia katika kazi hii, msianze na vyumba. Pandeni Kadutu, mtaa wa miteremko hapa Bukavu, mvua ikiwa inanyesha, mtazame maji yanatoka wapi na yanamwishia nani. Kwenye avenyi yenye mteremko mtaona jambo lilelile: wa juu anaachia maji ya mabati yake kwenye ukuta wa jirani, jirani naye anayasukuma kwa aliye chini yake, mpaka udongo unachoka na nyumba inaondoka na watu ndani. Kila mmoja amejenga kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, kwa jasho lake. Mfereji wa kushuka mpaka bondeni hakuna aliyeweza kuujenga peke yake.

Hapo ndipo ninapoona maana ya ushirika katika mji wetu. Wengi hudhani faida yake ni kununua matofali na sima (saruji) kwa bei ya jumla. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo. Kubwa ni kwamba familia kumi zinaweza kulipia vitu ambavyo familia moja haivipati kamwe: ukuta imara wa kushikilia udongo, mfereji mmoja, ngazi moja pana, vyoo vinavyofikika kwa kuvinyonya. Basi chora hivyo kwanza. Nafasi itakayobaki ndiyo ya vyumba.

Ukuta wa kushikilia udongo unastahili siku zako nyingi kuliko kitu kingine chochote. Udongo wetu mwekundu ukilowa huwa mzito, na mara nyingi kinachoangusha ukuta ni maji yaliyofungiwa nyuma yake. Weka kokoto nyuma ya mawe, pitisha mabomba madogo ya kutolea maji kila mita moja na nusu hivi, na hakikisha yanamwaga kwenye mfereji, si kwenye uwanja wa jirani. Fundi atakuuliza mabomba hayo ni ya nini wakati ukuta ni mnene. Usikubali. Mahali penye mwinuko mkubwa, kuta mbili fupi zilizopandana kama ngazi ni salama kuliko moja ndefu.

Kisha piga hesabu ya mabati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa za mita 200 za mraba zikipata mvua ya milimita 20 zinakusanya lita 4,000 kwa mara moja. Bila mpango, hizo lita zinachimba msingi. Zikiingia kwenye tanki, akina mama wanafua na kuosha hata siku ambazo bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, limekauka. Ila tanki likijaa, maji ya ziada nayo yawe na njia yake.

Nyumba zishikamane kwa mstari, zigawane ukuta wa katikati: unaokoa ardhi na matofali. Lakini ukuta huo upande juu ya mabati, usiishie darini, kwa sababu moto ukianza kwenye nyumba za mbao za kartie zetu unaruka kutoka paa hadi paa. Na usisahau tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipotupiga. Mkanda wa zege wenye vyuma, unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, si mahali pa kupunguza gharama. Punguza kwenye lipu, rangi, dari, vigae. Hivyo wenyewe watamalizia polepole.

Waulize akina mama babula, yaani jiko la makala, linakaa wapi wakati wa mvua. Swali hilo limebadilisha michoro yangu kuliko somo lolote la shule.

Kuhusu karatasi, nitasema machache. Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake ya ushirika ya 2010 inaruhusu watu 5 tu kuanzisha ushirika mdogo. Kila mwanachama ana kura moja, hata mwenye hisa nyingi. Lakini angalieni sheria ya ardhi ya 1973: haki ya kudumu juu ya ardhi inapewa Mkongomani kama mtu binafsi. Ushirika hupata haki ya muda, kwa kawaida isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Wanachama walijue hilo kabla ya kutoa dola ya kwanza, na mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia tarehe.

Kule Uruguay, tangu sheria ya makazi ya 1968, kuna vyama ambavyo familia hujenga kwa mikono yao wenyewe, na nyumba zinabaki mali ya chama. Anayeondoka hurudishiwa thamani ya alichochangia, hauzi nyumba sokoni. Sisi tuna salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na likelemba, mchango wa kupokezana, kwa hiyo kufanya kazi na kuchanga pamoja si jambo geni. Kigumu ni siku ya kuondoka au ya kufiwa. Andikeni mapema mjane na watoto wanabaki na nini, nani anakadiria thamani, na malipo yatatoka katika mfuko gani. Mfuko huohuo usiguse pesa ya kuzibua mfereji, ambayo itengwe mwezi wa Agosti, kabla mvua ya Septemba haijaanza.