Mshale wa joto ulipolala chini, nilidhani pikapu yangu ina afya

Kwa miezi kadhaa mshale wa joto kwenye dashibodi ya pikapu yangu ulikuwa umelala chini, jirani kabisa na ile herufi C ya baridi, na mimi nikawa najisifu. Naibebesha mzigo, naipandisha mlima, haichemshi. Kumbe ilikuwa mgonjwa. Ilikuwa inakunywa petroli kuliko zamani, ikisimama inanguruma kama bado haijaamka, na nikiwasha hita kufuta ukungu kwenye kioo unatoka upepo wa baridi. Baadaye ikawaka taa ya injini. Kupima na mashine, ikasoma P0128, yaani injini inachelewa kufikia joto lake la kazi.

Fundi wa kwanza niliyemweleza alinijibu kabla hata ya kufungua boneti: "Mzee, hiyo thamostati itoe tu, utupe." Ushauri huu umezagaa kuliko kutu, hasa sehemu za joto, na nitasema wazi kwamba siukubali. Thamostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na yangu ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Kuitoa kungefanya ugonjwa uleule uwe wa kudumu. Kompyuta ya gari ikiona maji bado baridi huendelea kumwaga petroli nyingi, na ringi na silinda ndizo zinazolipa. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya injini thamostati ina kisahani cha pili upande wa chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, maji mengi yanazunguka humohumo ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Hapo unaweza kutoa kitu ili gari lisichemshe, na likachemsha kwa sababu umekitoa.

Thamostati yenyewe ni kidude kinachoenea kiganjani. Kina kikopo chenye nta ndani. Maji yakipata moto nta inatanuka, inasukuma kipini, vali inafunguka. Yakipoa, springi inairudisha. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, na namba hiyo mara nyingi imegongwa palepale kwenye chuma chake.

Kabla ya kununua chochote, tumia mkono. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, kisha shika mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta, ukiwa mbali na feni na mikanda. Thamostati nzima inauacha mpira huo ukiwa baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla unasikia moto umepita. Wangu ulianza kupata uvuguvugu dakika ya kwanza ileile, polepole, kama maji ya kuoga. Hiyo imekwama wazi. Mshale ukipanda kwenda juu huku mpira bado ni baridi, imekwama imefungwa: zima injini upesi. Angalia tu kwamba magari mengine thamostati iko upande wa mpira wa chini, na huko ndiko utakakosoma dalili. Na si kila kuchemsha ni thamostati. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tazama feni kwanza. Maji yanayopungua bila kuvuja, na moshi mweupe usiokwisha, yanaelekea kwenye gasketi ya silinda hedi.

Kuitoa ili uweke mpya si kazi kubwa, ila subiri injini ipoe kabisa. Maji ya rejeta yakiwa moto yako chini ya shinikizo, na ukifungua mfuniko yanakurukia usoni. Kinga kulanti, yaani hayo maji ya rejeta yenye dawa, kwenye beseni na uifunike, kwa sababu ina utamu, mbwa na paka huilamba, na ni sumu. Kisha ni boliti mbili au tatu za kile kifuniko cha aluminiamu ambapo mpira unaingia. Gasketi ya zamani ya kifuniko hicho niliikwangua taratibu, nikiwa nimeziba tundu kwa kitambaa ili mabaki yasiingie ndani.

Ile mbovu nilikwenda nayo jikoni. Mpya pia. Ukitaka kuijaribu, bana uzi kwenye mdomo wa vali, itundike ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko. Vali ikifunguka uzi unaachia na thamostati inadondoka kwa mlio mdogo. Mpya ilidondoka karibu na 82 kama ilivyoandikwa. Ya zamani haikubana hata uzi: mdomo ulikuwa wazi kama kinywa cha samaki aliyekufa.

Halafu nikaharibu. Ile mpya niliifunga kichwa chini miguu juu. Springi na kikopo cha nta vinapaswa kutazama injini, ndiko maji ya moto yaliko. Mimi nilivielekeza kwenye rejeta. Safari ya kwanza mshale ulipita katikati bila kusalimia. Nilisimama, nikazima, nikangoja nusu siku, nikafungua upya. Wakati wa kurudisha niliona pia kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza pembeni mwa sahani. Hicho kinakaa juu kabisa, ili hewa ipate pa kutokea. Boliti nikazikaza kwa spana fupi, moja kidogo, nyingine kidogo, maana aluminiamu hupasuka ukiifanyia ubabe.

Hewa ndiyo inayowachosha wengi. Niliegesha pikapu pua ikiwa juu kwenye mwinuko, hita kwenye moto wa mwisho, mfuniko wazi injini ikiwa bado baridi, nikamimina kulanti taratibu huku nikiminya mpira wa juu. Ikawa inacheua mapovu. Nilipoona kiwango kimetulia nikafunga, nikaiacha ingurume hadi mpira ukapata moto kwa ghafla, safari hii kama inavyotakiwa.

Kesho yake asubuhi nilifungua mfuniko, maji yalikuwa yameshuka, nikaongeza karibu nusu lita. Mshale sasa unapanda hadi chini kidogo ya katikati na kukaa hapo, na kioo kinafutika ukungu kabla sijatoka getini.